Tomani Milioni Tatu za Bwana Karani



Mwezi uliopita kamati ya msikiti wetu ilikaa baada ya sala ya Isha, na katika ajenda kulikuwa na jambo lililoonekana dogo. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliukopesha msikiti shilingi milioni moja mwaka 2014, zikanunuliwa bati za upande wa akina mama. Hakuandikishana na mtu, hakuweka muda, wala hakuwahi kudai. Sasa mfuko umepata nafuu kidogo, na mtunza hazina akapendekeza mzee arudishiwe milioni yake. Wote wakaitikia. Ndipo imamu akauliza, kwa ule upole wake, kama milioni ya 2014 na milioni ya leo ni kitu kimoja. Kikao kikanyamaza. Katibu akaagizwa aandike maelezo ya kisheria ili kikao kijacho kiamue.

Katibu ndiye sisi. Tulisoma miaka mitano katika chuo cha dini mjini Qom, nchini Iran, na vitabu vya miamala tunavyo kabatini. Maelezo yale yangeweza kuandikwa kwa jioni moja. Tumekaa nayo wiki tatu, kwa sababu kila tukishika kalamu tunamwona mtu mmoja aliyevaa kandambili za plastiki chini ya meza ya ofisi, ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Tehran. Wapo ndugu wanaotuuliza hadi leo tulikwenda kutafuta nini Qom. Swali hilo tumelijibu mara nyingi barazani, na si la leo. Leo tunamzungumzia mtu wa ofisini.

Tulimfahamu mwaka 2015. Mwenzetu, ambaye sasa ni mama wa watoto wetu watatu, alikuwa amewasili kutoka nyumbani miezi michache baada ya harusi, na cheti chetu cha ndoa kilihitaji kuthibitishwa. Tukapanda basi alfajiri kutoka Qom, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 katikati ya ardhi kavu yenye chumvi, tukashuka kituo cha mabasi cha kusini mwa Tehran na kuingia metro, treni ya chini ya ardhi. Ofisini tuliambiwa karatasi moja imepungua. Kauli hiyo haikutushangaza. Ofisi ni ofisi popote duniani. Lakini yule karani alitazama saa, akamtazama mwenzetu aliyekuwa hoi kwa safari, akainuka na karatasi zetu mwenyewe, akapanda ghorofa moja na kushuka mbili, na baada ya nusu saa akarudi na mihuri yote. Kisha akatualika chakula cha mchana nyumbani kwake Alhamisi ile.

Mgeni wa Iran hufundishwa mapema jambo linaloitwa taarof. Ni adabu ya maneno. Mwenye duka hukataa fedha yako mara ya kwanza akisema kitu chake hakina thamani mbele yako. Dereva wa teksi hufanya vivyo hivyo. Mtu hukualika hata kama hana nafasi, nawe huna budi kukataa mara mbili tatu mpaka ijulikane kama mwaliko una mizizi. Sisi wa huku hatupaswi kushangaa sana, maana tunayo "karibu chakula" inayotamkwa na mtu ambaye sufuria yake imebaki ukoko. Basi tulikataa mara tatu. Yeye akachukua kipande cha karatasi, akaandika anwani na jina la kituo cha metro. Hapo tukajua kuwa mwaliko ni wa kweli.

Kati yetu nyumbani tulimwita Bwana Karani, na jina lile hatulibadilishi hapa, kwa kuwa hajatupa ruhusa ya kutaja la kwake. Yeye alituita Haji Agha, ingawa Makka tulikuwa hatujaikanyaga. Huko mwanafunzi wa dini huitwa hivyo kwa heshima, na kwake ilikuwa heshima yenye utani ndani yake. Umri wake ulikuwa unaelekea miaka arobaini na mitano. Mkewe tulimwita Khanum. Walikuwa na watoto wawili, na walipanga vyumba viwili katika mji wa Rey, ambao siku hizi umemezwa na Tehran ingawa ni mkongwe kuliko Tehran yenyewe. Kutoka dirishani kwao lilionekana kuba la dhahabu la ziara ya Shah Abdul-Adhim.

Kwa miaka mitatu tulikwenda nyumba ile mara moja au mbili kila mwezi, mara nyingine tukalala, na kwa hiyo siku ya Bwana Karani tunaijua kama ratiba ya sala. Aliamka kabla ya alfajiri. Baada ya kuswali alikwenda kupanga foleni ya mkate wa sangak, ule mrefu unaookwa juu ya kokoto za moto, ambao ukipewa hukung'uta vijiwe vilivyonata kabla ya kuukunja. Kwa waokaji wengi foleni ni mbili: moja ya wanaonunua mikate mingi, na nyingine fupi ya wanaonunua mmoja tu. Yeye alikuwa wa foleni fupi, na alisema hiyo ndiyo foleni pekee mjini Tehran ambayo mwenye kidogo hupita mbele. Mkate, jibini nyeupe, chai isiyo na maziwa. Kisha metro, akiwa amesimama katikati ya wachuuzi wanaopita behewa kwa behewa wakiuza soksi na chaja za simu. Wanawake wana mabehewa yao ya mbele na ya nyuma, na mwenzetu alirudi kutoka huko na masimulizi mengi kuliko ya kwetu.

Wiki yao ya kazi huanza Jumamosi na kwisha Jumatano. Akifika ofisini aliweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, akavua viatu na kuvaa kandambili, kwa ajili ya udhu lakini pia, alikiri, kwa ajili ya vidole. Mzee wa chai alipita na sinia. Chai hunywewa katika glasi ndogo, na kipande cha sukari gumu hushikwa kati ya meno ili chai ipite juu yake. Barua za kiserikali huandikwa juu kabisa jina la Mwenyezi Mungu, pembeni namba, tarehe na viambatisho. Tarehe yenyewe huhesabiwa tangu Hijra kama yetu, lakini kwa mwendo wa jua, ndiyo maana mwaka 2015 wao walikuwa 1394. Adhuhuri walishuka kwenye chumba cha sala na kuunganisha Adhuhuri na Alasiri kama ilivyo katika madhehebu yao, kisha kila mmoja akafungua chombo cha wali alichobeba kutoka nyumbani.

Kuna salamu moja ya huko tuliyoipenda tangu siku ya kwanza. Mtu akikukuta kazini hukwambia khaste nabashid, yaani, usiwe umechoka. Tulimweleza Bwana Karani kuwa sisi husema "pole na kazi", akafikiri kidogo, akasema ya kwetu ni ya kweli zaidi, kwa sababu ya kwao inamwombea mtu asichoke na ya kwetu inakubali kwamba amekwisha choka.

Baba yake alifyatua matofali katika tanuri za kusini mwa Tehran. Mtoto kukaa mezani, kivulini, akiwa na kalamu, kwa mzee yule ilikuwa daraja ya waziri. Bwana Karani hakuidharau meza yake kwa sababu hiyo. Alikuwa na fikra kwamba barua inayolala katika droo ni mtu aliyelala nje ya mlango, na mara nyingi alibaki baada ya saa za kazi kumalizia, ingawa malipo ya saa za ziada yalikuwa machache na yalichelewa. Hatumsifu kupita kiasi. Alikuwa na kelele anapoendesha gari, alivuta sigara akijificha kwa Khanum kama mtoto, na alipokuwa na mashaka na mkubwa wake wa kazi alisema maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti la familia.

Lililotushangaza zaidi ni jinsi mshahara wake usivyokuwa wake peke yake. Nchini Iran anayekopa benki hutakiwa mdhamini mwenye ajira, na ofisi humwandikia mdhamini hati inayosema kwamba mkopaji akishindwa, makato yatachukuliwa kutoka mshahara huu. Mtumishi wa serikali, hata wa cheo cha chini, ni mtu anayetafutwa. Bwana Karani alikuwa amemdhamini shemeji, jirani na binamu. Binamu alishindwa, na kwa muda wa mwaka mzima kila mwezi kiasi fulani kilikatwa. Hatukuwahi kumsikia akimtaja binamu yule kwa ubaya. Khanum alimtaja.

Jambo la pili lilikuwa upatu. Naam, upatu, ule ule wa kwetu! Wenzake kumi na wawili pale ofisini walichanga tomani laki mbili na nusu kila mwezi, mzee wa chai akachomoa karatasi moja kutoka kwenye glasi, na mwenye jina akaondoka na tomani milioni tatu. Tomani moja ni riali kumi; kitabuni imeandikwa riali, mdomoni watu husema tomani, na mgeni hupoteza fedha nyingi kabla hajaizoea hesabu hiyo. Hakuna riba wala benki, wala hati ya mdhamini. Wanauita mfuko wa nyumbani. Mwenzetu alipousikia alicheka, akasema akina mama wa mtaani kwetu wangeweza kwenda kufundisha Tehran.

Mwezi Novemba 2017 tulipata mtoto wetu wa kwanza, msichana. Mwenzetu alijifungua kwa upasuaji. Bima ya wanafunzi ililipa sehemu, na sehemu iliyobaki ilitushinda. Nyumbani fedha zilikuwa zimeahidiwa, lakini ahadi na Iran ni vitu vigumu kukutana, kwani kwa sababu ya vikwazo benki za huku hazitumi fedha huko. Lazima zibebwe mkononi na mtu anayesafiri. Tulimpigia Bwana Karani simu usiku ili atushauri tu. Asubuhi alikuwa Qom, amesimama katika ukumbi wa hospitali na bahasha ya benki. Milioni tatu. Zilizidi mshahara wake wa mwezi. Alisema zimeanguka mikononi mwake wiki ile ile na hana haraka nazo. Tukaandikiana karatasi kama Qur'ani inavyoagiza, tukaahidi kulipa ifikapo Nawruz, mwaka mpya wao, mwezi Machi. Thamani yake siku ile ilikuwa zaidi kidogo ya dola 730 za Marekani.

Machi ikafika, fedha za nyumbani hazijafika. Tukamwomba radhi, akasema hatuna neno kati yetu. Kisha ukaja mwaka ambao kila mtu aliyeishi Iran anaukumbuka. Mwezi Aprili 2018 serikali ilitangaza bei moja ya dola, riali 42,000. Tarehe 8 Mei rais wa Marekani akatangaza kujitoa katika makubaliano ya nyuklia na kurudisha vikwazo. Bei ya serikali ikabaki kwenye matangazo. Katika soko huru dola ikapanda wiki kwa wiki, na mwishoni mwa Septemba ilikaribia riali 190,000, kabla ya kushuka kiasi. Maziwa yakapanda, nepi za mtoto zikawa zinatafutwa kwa kujuana, wenye maduka wakafungia bidhaa stoo kwa kuhofia kuuza leo kwa bei isiyotosha kununua kesho. Mshahara wa Bwana Karani ulikuwa namba ile ile.

Mwezi Oktoba ndugu yetu mmoja aliyetoka likizo alituletea bahasha kutoka nyumbani: dola 750, taslimu. Kaka yetu mkubwa alikuwa amepiga hesabu ya deni lile tangu siku tulipolichukua, akaongeza kidogo. Tukaenda kwa wabadilisha fedha. Siku ile dola ilikuwa tomani elfu kumi na nne na ushei. Tukabadilisha dola mia mbili na kidogo, tukapata tomani milioni tatu kamili, noti mpya. Zaidi ya dola mia tano zikabaki mfukoni mwetu.

Tulisema Alhamdulillah, na tulimaanisha. Wala hatukujificha, tuliona Mwenyezi Mungu ametupunguzia mzigo. Njiani kurudi tukapita mtaa wa masonara na kumnunulia mtoto hereni ndogo za dhahabu, kwa kuwa matundu alikwisha tobolewa na ndani yake kulikuwa na uzi tu.

Alhamisi iliyofuata tukapeleka deni Rey. Bwana Karani hakuzihesabu. Aliichana ile karatasi tuliyoandikiana, akaiweka chini ya sahani ya mbegu za tikiti, akamwita Khanum alete chai. Alikuwa amekonda. Alianza kuendesha gari lake dogo baada ya kazi, akibeba abiria kwa simu mpaka saa nne usiku, kama walivyofanya makarani wengi mwaka ule. Mtoto wetu akapewa mapaja ya Khanum, na Khanum akazisifu hereni. Mazungumzo yakaenda kwenye dhahabu.

Hapo Bwana Karani akaleta mzaha. Mahari ya mkewe ilikuwa sarafu 114 za dhahabu, hesabu ya sura za Qur'ani. Iran mahari mara nyingi huandikwa namna hiyo, kwa sarafu, na huwa deni shingoni mwa mume ambalo mke anaweza kulidai siku yoyote, ingawa wengi hawalidai mpaka pawe na ugomvi au mauti. Mwanzoni mwa 2018 sarafu moja ilikuwa karibu tomani milioni moja na nusu. Sasa ilipita milioni nne. Akasema kila akilala na kuamka Khanum ametajirika shingoni mwake bila kufanya kazi, na kwamba laiti angemwoa kwa noti angekuwa amekwisha kumaliza deni kwa mshahara wa mwezi. Khanum akajibu kwamba baba yake hakuwa mjinga. Tukacheka sote. Sisi, kwa kuonyesha elimu, tukaongeza kuwa hata noti zisingemwokoa, kwa sababu tangu 1997 sheria ya Iran inataka mahari iliyoandikwa kwa fedha taslimu ikokotolewe upya kwa kipimo cha bei cha benki kuu, ili mwanamke asilipwe karatasi iliyokufa. Bwana Karani akatikisa kichwa kukubali, akasema sheria ile ina insafu.

Tuliyasema hayo kwa ulimi wetu, katika chumba chake, bahasha yetu ikiwa juu ya meza yake. Hatukusikia tulichokisema.

Miezi michache baadaye walihama. Upangaji wa Tehran una utaratibu wake: mpangaji huweka kwa mwenye nyumba amana kubwa, ambayo hurudishiwa akitoka, na juu yake hulipa kodi ya mwezi. Mkataba ni wa mwaka, na mwaka ukigeuka mwenye nyumba huongeza vyote viwili. Walikwenda kwenye mji mdogo kusini-mashariki, mbali na metro, ambako Bwana Karani aliunganisha mabasi mawili kabla ya kuiona treni. Ni Khanum aliyemweleza mwenzetu kwa simu, bila kulalamika, katikati ya habari za watoto, kwamba zamu ile ya upatu ya mwaka 1396 walikuwa wamekusudia kuiongeza kwenye amana ya nyumba. Amana ingekwenda kwa mwenye nyumba wakati tomani milioni tatu zilikuwa tomani milioni tatu. Hatusemi kwamba sisi ndio tuliowahamisha Rey. Mwaka ule ulihamisha maelfu, na milioni tatu huenda zisingewatosha. Lakini mwenzetu alipokata simu alikaa kimya kwa muda, kisha akatuuliza kama zile dola zilizobaki tulikuwa tumezihesabia kuwa riziki.

Tulimjibu kama mwanafunzi. Tukasema deni hulipwa kwa mfano wake. Aliyekopa ratili ya tende hulipa ratili ya tende, iwe tende zimepanda au zimeshuka. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lilikaa Kuwait mwezi Desemba 1988 likaamua hivyo hivyo juu ya noti, kwamba zinalipwa kwa idadi si kwa thamani, ili mlango wa riba usifunguliwe. Yote hayo ni sahihi. Akasema hakuuliza hukumu.

Tulirudi nyumbani mwaka 2019. Salamu na Bwana Karani ziliendelea kwa simu, Nawruz na Idi mbili. Hata jambo lile tungeweza kuzikwa nalo. Kisha ikaja Juni 2025. Tarehe 13 mashambulizi ya Israel yakaanza, na kwa siku kumi na mbili Tehran ilikuwa inapigwa. Tulituma ujumbe, hakujibu. Baadaye intaneti ya nchi nzima ikakatwa. Usiku tuliamka kuitazama simu, na lazima tuseme ukweli mbele yenu: katika hofu ile ya rafiki kulikuwa na hofu nyingine chini yake, ya mtu ambaye anayemdai anaweza kufa kabla ya kulipwa. Hapo ndipo tulipojua kwamba moyo wetu haukuwahi kuliandika lile deni kuwa limekwisha, hata baada ya karatasi kuchanwa.

Aliandika baada ya vita kusimama. Waliondoka kwenda kaskazini kwa ndugu wa Khanum, saa nyingi barabarani kwa mwendo wa kuburura, wako salama, paka wa jirani tu ndiye hakuonekana. Mwaka ule dola moja ilikuwa imekwisha pita riali laki nane. Milioni tatu zile, kama angezificha chini ya godoro, zisingefika dola arobaini. Yeye amebakiza miaka michache astaafu, na pensheni yake imo katika sarafu hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye maelezo ya kamati, maana ndiyo yaliyotufikisha hapa. Wanaosema milioni kwa milioni wana jumuhuri ya wanazuoni nyuma yao. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema kuhusu sarafu za shaba kwamba zikibadilika thamani mkopaji alipe thamani ya siku aliyokopa, na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamelipima jambo la noti kwa kauli yake. Huo ni mjadala wa wenye elimu, nasi hatuutatui kwa kalamu ya katibu. Ila mlango mwingine uko wazi na hauna mjadala. Mtume (s.a.w) alikopa ngamia mdogo akaagiza alipwe aliye bora kuliko yeye, na akasema kuwa mbora wa watu ni mbora wao katika kulipa. Ziada isiyoshurutishwa, inayotoka kwa mkopaji kwa hiari yake, si riba. Kamati inaweza kumpa mzee wetu milioni yake, kisha ikanyoosha mkono wa pili na kumpa hidaya. Sisi pia tungeweza, siku ile Rey, tukiwa na dola mia tano mfukoni. Hakuna sheria iliyotuzuia. Sheria tuliitumia kama mwavuli wakati hakuna mvua.

Basi wiki iliyopita tulimpigia. Tukamwambia tuna amana yake, nayo si deni bali ni hidaya, tutaituma na mwanafunzi anayekwenda Qom. Akasema ghabel nadarad, haistahili kutajwa. Tukasema tena. Akasema sisi ni ndugu, Haji Agha, hapana hesabu. Tukasema mara ya tatu, tukatamka na kiasi. Akanyamaza kwa muda mrefu mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza binti yetu sasa ana umri gani. Tukamwambia, naye akasema Khanum bado anazikumbuka hereni zake.

Hatujui kama kukataa kule mara mbili kulikuwa taarof, wala kama swali la hereni lilikuwa swali tu. Baada ya miaka mitano ya Kifarsi mtu angetarajia kujua.

Hereni zenyewe hazigusiki. Tulikwisha mpa mtoto, ni mali yake, na hatuwezi kulipia haya zetu kwa dhahabu ya mtoto. Kila asubuhi anapoagwa kwenda shule tunaziona. Mwenzetu ametoa zamu yake ya upatu wa mwezi huu bila kuombwa, nasi tumeongeza posho ya kufundisha madrasa. Bahasha ina dola 320. Mwanafunzi anasafiri Ijumaa ya wiki ijayo. Zilizobaki zitamfuata atakayesafiri baada yake. Kikao cha kamati ni Jumatano, baada ya Isha, na maelezo ya katibu yatasomwa kwanza.